Perege wa asili wa Mto Pangani yuko hatarini, na sokoni hakuna anayeona pengo

KandoYaRuvu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu wote.

Humu ndani tumeshasoma nyuzi nyingi za sangara na furu wa Ziwa Victoria. Leo naomba tugeukie upande wa Kilimanjaro na Tanga, kwa sababu kuna samaki wetu anaondoka kimya kimya na sioni akitajwa popote zaidi ya kwenye makaratasi ya watafiti.

Kuna perege ambaye duniani kote hapatikani kwingine ila bonde la Mto Pangani. Jina lake la kitaalamu ni *Oreochromis jipe*, kwa sababu ya Ziwa Jipe. Yuko Jipe, yuko kwenye Ruvu inayotoka Jipe (siyo Ruvu ile ya Bagamoyo, wengi wanachanganya), yuko Nyumba ya Mungu, na yuko kwenye mto wenyewe kuelekea chini. Basi. Akiisha humo ndio ameisha. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, wamemweka kwenye daraja la viumbe walio hatarini zaidi, hatua moja tu kabla ya kutoweka porini.

Sasa utaniuliza, mbona perege wamejaa sokoni? Hapo ndipo penye shida. Meza imejaa perege kweli, lakini wengi wao siyo yeye. Samaki wa aina nyingine akipungua, mchuuzi anajua, bei inapanda, watu wanapiga kelele. Huyu akipungua nafasi yake inazibwa na ndugu zake wa kuletwa, wote wanaitwa perege, wote wanakaangwa sufuria moja, na mnunuzi anarudi nyumbani ameridhika.

Kwa wasioujua mto: maji ya Kilimanjaro na Meru yanashuka kwa njia mbili kubwa, Kikuletwa na Ruvu, yanakutana Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo mto unapita chini ya milima ya Upare na Usambara, unapokea Mkomazi na Luengera maeneo ya Korogwe, unashuka maporomoko ya Hale, kisha unaingia Bahari ya Hindi pale mjini Pangani. Ni kama kilomita 500 hivi.

Aliyewatambulisha perege hawa kwa sayansi ni mtaalamu wa Kiingereza, Rosemary Lowe, aliyekuwa akifanya kazi na shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki lenye makao yake Jinja. Mwaka 1955 alichapisha maelezo ya perege wapya wa Jipe na Pangani, akawapa majina manne. Baadaye wataalamu wakaona watatu kati ya hao ni spishi moja, ndiyo hii ya *jipe*, na wa nne, *Oreochromis korogwe*, akabaki peke yake. Miaka kama kumi tu baada ya kupewa jina, bwawa la Nyumba ya Mungu likajengwa na mto ukabadilika kabisa.

Lakini wageni walishaanza kuingia. Ufugaji wa perege kwa majaribio hapa kwetu ulianza mwaka 1949 sehemu mbili, Malya kule Mwanza na Korogwe. Korogwe, wakuu, kando ya mto huu huu. Tangu hapo watu wamekuwa wakihamisha perege kutoka ziwa moja kwenda bwawa lingine kwa nia njema kabisa, kuongeza kitoweo. Ngege wa Ziwa Victoria akaletwa bonde hili. Akaja perege wa madoa, *Oreochromis leucostictus*, ambaye asili yake ni maziwa ya Uganda na mpaka wa Kongo. Na akaja sato, *Oreochromis niloticus*, perege wa Nile, huyu tunayemfuga kila mahali.

Kinachoniuma siyo tu kwamba wanagombania chakula na sehemu za kuzalia. Perege hawa wanazaana wao kwa wao. Dume anachimba kitako chake, yaani kishimo cha kuzalia, kwenye maji ya kina kifupi, jike anakuja, anataga, anayakusanya mayai mdomoni na kuyaatamia humo mpaka vitoto viweze kujitegemea. Wote wa jamii hii wanafanya hivyo hivyo, kwa hiyo jike wa asili akikuta dume la sato limetawala ufukwe, wanapandana, na vitoto vinaishi na kukua na kuzaa. Vizazi kadhaa mbele unakuwa na samaki wengi tu lakini yule wa asili ameyeyuka ndani yao.

Mwaka 2019 watafiti, wakiwemo wa TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) na Chuo Kikuu cha Bristol, walitoa matokeo ya vinasaba vya perege wa kaskazini mwa Tanzania. Ndani ya Pangani walikuta machotara wa sato na *jipe*, wa perege wa madoa na *jipe*, na wa sato na *korogwe*. Ila, na hili ndilo lililonifanya niandike, machotara walikuwa wachache ukilinganisha na samaki halisi. Maana yake mwenyewe bado yupo. Bado tunaweza kufanya jambo.

Nawakaribisha wavuvi, wafugaji, watu wa Mwanga, Simanjiro, Korogwe, Taveta. Tujadili.

mvuvi_NYM

Mkuu KandoYaRuvu, umegusa kidonda. Mimi niko bwawani, nimelelewa na wavu. Wazee wetu walituambia miaka ya mwanzo ya bwawa samaki walikuwa wa kupitiliza, watu walikuja kutoka mikoa ya mbali kuhamia huku kwa ajili ya uvuvi. Leo unatega usiku kucha unapata vidogo vya kujaza beseni.

Sisi wavuvi tunalaumiwa kwa makokoro na nyavu za matundu madogo, na kweli yapo, sibishi. Kokoro likivutwa ufukweni linapita juu ya vile vitako ulivyovisema, linafuta kila kitu. Na jike akinaswa anatema. Unamnyanyua kwenye wavu, vitoto vinamwagika chini ya mtumbwi, vya rangi ya manjano, bado vina kiini cha yai tumboni. Ukiona mara nyingi hivyo unajua unakula mbegu.

Lakini mbona maji hayasemwi? Kuna wakati bwawa linashuka haraka mpaka ufukwe unahama. Vitako vinabaki nchi kavu vimekauka vimepasuka. Hapo hakuna kokoro, hakuna mvuvi.

Swali langu: nitamjuaje huyu wa asili? Nikimshika mkononi niangalie nini?

MfugajiWaMoshi

Nawasalimu wakuu. Naomba niwe upande wa pili ili mjadala usiwe wa kuimba wimbo mmoja.

Mimi nafuga sato. Nina mabwawa ya udongo, nasomesha watoto kwa hayo mabwawa. Sato anakua haraka, anakula chakula cha bei nafuu, anavumilia maji machafu kidogo, na vifaranga vyake vinapatikana. Huyo perege wa asili, nani anamuuzia mkulima vifaranga vyake? Hakuna. Halafu tunaambiwa na maofisa ugani kila siku tufuge, tupunguze presha kwenye maziwa. Tukifuga mnasema tunaua samaki wa mto.

Na mnunuzi anataka samaki wa kujaza sahani. Hajali anaitwa *jipe* au nani. Nisaidieni hapo.

KandoYaRuvu

Mkuu MfugajiWaMoshi, karibu sana, na nashukuru umekuja kwa heshima. Sina ugomvi na mabwawa yako. Familia nyingi za ukanda wetu zinaishi kwa samaki wa kufuga na sitasimama hapa kusema wafunge.

Ninachokiomba ni kuangalia maji ya bwawa yanakwenda wapi. Uchagani na Upareni mabwawa mengi yanajazwa kwa mfongo (mfereji wa kumwagilia mashamba) na yanamwaga kwenye mfongo, na mfongo unarudi mtoni. Siku ya kuvua unatoboa kingo, maji yanatoka na vifaranga ndani yake. Masika ikizidi, maji yanapita juu ya kingo na samaki wanaondoka wenyewe. Hivyo ndivyo sato anavyopata njia ya kwenda Kikuletwa na bwawani bila mtu yeyote kukusudia.

Wengine watasema wananunua vifaranga vya madume matupu kwa hiyo hakuna kuzaana. Ile kazi ya kugeuza jinsia kwa homoni haifiki asilimia mia, majike huwa yanabaki. Na hata dume peke yake akitoroka anatosha, kwa sababu huko mtoni majike wa asili wapo wanamsubiri.

Yapo yanayowezekana bila kupoteza kipato. Bwawa likae juu ya pale mafuriko yanapofika. Tundu la kutolea maji liwekwe wavu wa matundu madogo, na maji ya kuvulia yaelekezwe shambani kwenye migomba badala ya mfongo. Anayeanza upya karibu na mto anaweza kufuga kambare, ambaye ni mwenyeji wa Pangani na hazaani na perege hata kidogo. Soko lake lipo.

Kuhusu vifaranga vya asili, hapo umesema kweli tupu. Hakuna anayevizalisha kwa biashara, na hilo ni pengo la serikali na vyuo vyetu, siyo la mkulima. Watafiti wale wa 2019 waliandika wazi kwamba haijathibitika kuwa perege wa kuletwa wana faida kuliko wa asili wenye umbo kubwa. Miaka yote hii fedha zimewekwa kwa sato peke yake, amechaguliwa na kuboreshwa kizazi kwa kizazi katika nchi mbalimbali. Wa kwetu hajawahi kupewa nafasi hiyo. Tukimpoteza kabla ya kumjaribu hatutajua alikuwa na uwezo gani.

MtavetaHalisi

Habari za jioni ndugu zangu wa upande wa pili wa mlima. Naandika kutoka Taveta, Kenya. Ziwa Jipe ni letu sote, mpaka unapita katikati ya maji.

Huku ziwa linazibwa na mafunjo na matete. Mto Lumi unateremsha udongo kutoka mashambani, ziwa lenyewe ni la kina kifupi, mita chache tu, kwa hiyo kila msimu wa mvua linazidi kujaa tope na matete yanapata pa kushika. Kuna sehemu wavuvi wanalazimika kukata njia ndipo mashua ifike maji wazi. Ukichukulia kwamba hili ndilo ziwa lililompa samaki huyo jina, mtaona kwa nini kwetu ni jambo la uchungu.

Halafu niongeze Ziwa Chala, maana liko karibu na hadithi yake inafanana. Ni ziwa la volkeno, lenye kina kirefu sana, kuta zake zimesimama. Lilikuwa na perege wake mmoja tu, *Oreochromis hunteri*, hayupo pengine duniani. Baadaye watu wakaweka humo perege wengine wa jamii ya *korogwe*. Leo huyo *hunteri* naye yuko kwenye orodha ya walio hatarini zaidi. Kwa hiyo huyo wa Korogwe tunayemhurumia huko kwenu, huku amekuwa mgeni msumbufu. Samaki si mbaya, kuhamishwa ndio kubaya.

BintiKorogwe

MtavetaHalisi, shikamoo kama ni mkubwa wangu. Umesema jambo zito.

Mimi niko chini ya mto. Babu yangu alikuwa akivua kwenye mabwawa ya mafuriko, yale maji yanayobaki baada ya mto kujaa na kurudi. Zamani mto ulikuwa unamwagika kila masika kwenye kinamasi cha Kirua, chini ya Nyumba ya Mungu, na samaki wanaingia humo kuzaa. Bwawa lilipojengwa mafuriko yakadhibitiwa na kinamasi kikasinyaa. Mahali alipokuwa akitegea migono sasa pana mashamba ya mahindi na mifugo inapita.

Mto wenyewe unadaiwa na kila mtu. Juu kuna mifongo, mpunga wa Moshi chini, miwa ya Arusha Chini. Katikati kuna umeme, Nyumba ya Mungu megawati 8, Hale 21, Pangani mpya 68. Na mwisho kule Pangani mjini maji ya chumvi yanapanda mtoni kwa sababu maji baridi yanayofika ni machache. Samaki anakuja wa mwisho kwenye foleni, wakati Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema baada ya matumizi ya nyumbani, mazingira ya mto yawekewe akiba yao kabla ya wengine kugawiwa. Naomba wanaohudhuria vikao vya watumia maji walikumbushe hili. Ukisema "perege" kwenye kikao watu wanacheka. Ukisema "akiba ya mazingira kwa mujibu wa sheria" wanaandika.

SamakiNaMaji

Wakuu, nimesomea sayansi ya viumbe vya majini, niruhusuni nichangie mawili.

Kwanza swali la kaka mvuvi_NYM, kumtambua. Anza na mkia. Sato ana mistari myembamba ya kusimama mkiani, imepangika kutoka mwanzo wa mkia mpaka mwisho. Ukimtandaza mkia kwenye mwanga unaiona vizuri. Ukiona mistari hiyo, huyo ni mgeni. Perege wa madoa ana vidoa vyeupe mwilini na kwenye mapezi, dume akiwa kwenye kuzaa anakuwa mweusi na vidoa vinang'aa. Hapo unakuwa umewaondoa wawili.

Lakini chotara usijidanganye. Wale watafiti walipima umbo la mwili na kichwa kwa alama na hesabu za kompyuta. Spishi halisi waliweza kuzitenganisha, machotara hawakutambulika kirahisi kwa umbo pekee. Jibu la uhakika ni vinasaba, kipande kidogo cha pezi kilichohifadhiwa kwenye spiriti kinatosha, na samaki mwenyewe anaweza kurudi majini.

La pili, kwa mkuu MfugajiWaMoshi. Perege wa mito yetu wana thamani kubwa kwa mfugaji. Katika miaka ya 1950 perege wa Mto Wami waliokuwa wanafugwa Zanzibar walipelekwa Malaya (leo Malaysia). Walipopandishwa na perege wa Msumbiji wakatoa vifaranga ambavyo karibu vyote vilikuwa madume, bila homoni yoyote. Hilo lilichapishwa mwaka 1960 na likaamsha ufugaji wa madume duniani. Samaki wa mto mdogo tu wa pwani yetu. Sasa huyu wa Pangani ameishi kwenye Jipe yenye chumvichumvi kuliko mito, ameishi kwenye maji ya baridi ya mlima na ya joto bondeni. Ndani yake kuna nini hatujui, na mtu asiniambie sato atatupa hicho.

MfugajiWaMoshi

Dada (au kaka) SamakiNaMaji, hiyo ya Wami sikuwahi kuisikia hata kwenye mafunzo ya ufugaji. Wangetufundisha hivyo tungeelewa mapema.

Hili la wavu kwenye tundu la maji nitalifanya, siyo kazi kubwa, na maji ya kuvulia kuyapeleka kwenye migomba ni faida kwangu, ni mbolea. Kuacha sato kabisa siwezi kuahidi. Ila wakitokea watu wa kuzalisha vifaranga halisi vya *jipe*, vilivyopimwa, bwawa moja natenga kwa majaribio. Nimesema mbele ya wote.

KandoYaRuvu

Mkuu, hicho ulichokisema kina uzito kuliko uzi mzima. Nimekiandika pembeni.

Kwa wote, ninavyoliona mimi, sehemu ya kuanzia ni juu, kwenye vijito na chemchemi ambako sato bado hajafika. Ukitafuta perege halisi wa kuzalisha, hutampata penye mchanganyiko, utampata huko. Kwa hiyo atakayesikia mradi wa "kupandikiza samaki" kwenye kijito, bwawa la kijiji au lambo la mifugo ndani ya bonde hili, aulize swali moja tu kwenye mkutano wa kijiji: vifaranga ni vya aina gani na vimetoka wapi? Hata mradi ukiwa wa mbunge. Hata ukiwa wa kanisa au msikiti. Waulize kabla gari la vifaranga halijafika, likishafika hakuna wa kulirudisha.

Na BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe) za bwawani na Jipe zikumbuke ufukwe wa kuzalia. Kufunga bwawa zima ni mateso kwa wavuvi, tumeshaona. Kuacha ghuba kadhaa za kina kifupi bila kokoro mwaka mzima kunabebeka.

mvuvi_NYM

Ghuba hizo tunazijua, mkuu. Kuna mbili upande wetu, vitako vimejaa kama visahani chini ya maji asubuhi kabla upepo haujaanza. Kikao cha BMU kiko wiki ijayo, nitazitaja kwa majina.

SamakiNaMaji, spiriti ya dukani inafaa? Na pezi lipi nikate, la mgongoni au la mkiani?

SamakiNaMaji

La mkiani, ncha tu, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Spiriti ile isiyo na rangi, yenye nguvu kadiri utakavyoipata, siyo ya bluu ya kuwashia jiko. Kila kipande chupa yake, na karatasi ya penseli ndani, kalamu ya wino inafutika. Andika tarehe, sehemu ulipovua, na piga picha ya samaki amelala ubavu wa kulia, mkia umetandazwa. Nitauliza TAFIRI nani anapokea, nitaleta jibu humu humu.